Darasa la wanafunzi 80 na simu moja ya mwalimu: jinsi ya kumfanya kila mtoto ajibu

Walimu wenzangu, huu mwongozo ni kwa yule anayefundisha darasa lililojaa, wanafunzi 70, 80 na kuendelea, dawati moja wamebanana watatu, umeme leo upo kesho haupo, na kifaa pekee cha teknolojia darasani ni simu janja ya mwalimu mwenyewe, au kile kishikwambi ambacho walimu wengi Tanzania walipewa baada ya Sensa ya 2022. Ukisoma mambo ya ufundishaji wa kisasa huko mtandaoni unaweza kudhani bila maabara ya kompyuta na projekta kila darasa huwezi kufanya kitu, na mimi nataka uone kwamba inawezekana vizuri tu. Mifano yangu mingi ni ya Fizikia kidato cha pili, mwishoni nimeweka ya masomo mengine.

Kitu kimoja tukubaliane kabla hatujaanza. Kinachomwamsha mwanafunzi sio skrini. Ni swali ambalo analijibu yeye mwenyewe, jibu lake linaonekana, na hajui kapata au kakosa mpaka muda ufike. Darasa kubwa lina tabia yake mnaijua, unauliza "tumeelewana?" linaitika lote "ndiyooo", unauliza swali wananyoosha mikono wale wale sita, saba wa mbele, unaondoka umeridhika, alafu mtihani unakuja watoto 50 wameandika kitu ambacho hujawahi kufundisha. Kwahiyo kazi ya simu kwenye mwongozo huu ni moja tu, kukuonyesha wale 50 wanafikiria nini leo, ukiwa bado una muda wa kuwasaidia.

Njia yenyewe haijaanzia kwetu. Eric Mazur, profesa wa Fizikia chuo kikuu cha Harvard, alianza kuitumia 1991 baada ya kugundua wanafunzi wake wanakokotoa maswali magumu vizuri kabisa lakini ukiwauliza swali jepesi la kuelewa wanakwama. Akapunguza kuhutubia, akawa anauliza swali, wanapiga kura, wanabishana na jirani, wanapiga kura tena. Na kuna ushahidi kwamba madarasa ya namna hii yanalipa: 1998 Richard Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi 6,542 wa Marekani kwenye kozi 62 za Fizikia, na aliangalia kati ya yale ambayo mwanafunzi hakuyajua mwanzoni, mwishoni kajifunza kiasi gani. Kozi za mwalimu kuongea tu wastani ulikuwa kama asilimia 23, zile ambazo wanafunzi wanashirikishwa kwa kujadili na kujibu ulikuwa asilimia 48. Ni zaidi ya mara mbili, na somo ni lile lile.

Hatua ya 1: Tunga swali (hapa ndipo muda wako wote uishie)

Kama una saa moja ya kuandaa kipindi, dakika 40 zitumie hapa. App haiwezi kuokoa swali baya. Ukiuliza "kizio cha mkondo wa umeme ni kipi" umepima kumbukumbu tu, hakuna cha kubishania, aliyekariri kakariri na ambaye hajakariri hata akijadiliana na jirani hatafika popote.

Swali zuri ni lile ambalo jibu lake la uongo linavutia, na yale majibu ya uongo usiyabuni kichwani kwako, yachukue kwa watoto wenyewe. Wiki moja kabla ya mada wape kikaratasi waandike kwa sentensi mbili wanavyodhani mambo yanaenda, usisahihishe, soma tu. Pitia pia makosa yanayojirudia kwenye mitihani ya nyuma. Utakuta mawazo ni yale yale matatu manne, hayo ndio machaguo yako.

Chukua hili la umeme. Nachora ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana zimeungwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Nauliza ipi itawaka kwa mwanga mkali zaidi. A, ile iliyo karibu na upande chanya. B, ile iliyo karibu na upande hasi. C, zote sawa. D, ya kwanza itawaka, ya pili haitawaka kabisa.

Jibu ni C, lakini A inavuta kura nyingi sana na ukiwasikiliza utaelewa kwanini, mtoto anaamini umeme unatoka chanya, unafika balbu ya kwanza, balbu inaula, kinachobaki ndio kinaenda kwa mwenzake. Mtu anayefikiria hivyo anaweza kukokotoa kwa kanuni ya Ohm na akapata vema zote. Ndio maana hili swali halina namba hata moja. Ukiweka namba wanakimbilia kalkuleta na wazo lenyewe linabaki limejificha.

Kwa kipindi cha dakika 40 maswali mawili yanatosha, matatu ni mengi. Yaandike kwenye andalio la somo kabisa pamoja na machaguo yake, sio unayatunga ukiwa umesimama.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kupiga kura

Kuna njia tatu, anza na ile unayoimudu leo.

Ya kwanza haina gharama, ni vidole kifuani. Kidole kimoja ni A, viwili B, vitatu C, vinne D, na mkono unakaa kifuani sio juu, ili wa nyuma asione cha mwenzake. Wewe unapitisha macho na kukadiria, huhitaji hesabu kamili, unachotaka kujua ni kama wengi wako C au wamegawanyika.

Ya pili ni kadi za boksi. Kata maboksi ya sabuni au ya biskuti, andika herufi nne kwa maka peni, kila pande herufi yake. Zinaonekana vizuri kuliko vidole, tatizo ni kwamba zinaonekana na majirani pia, hivyo waambie wainue wote kwa pamoja ukihesabu mpaka tatu.

Ya tatu ni Plickers, na hapa ndipo simu inaingia. Ni app, mwalimu ndiye anayehitaji simu, wanafunzi wanashika karatasi tu, kwahiyo hata shule ambazo mwanafunzi haruhusiwi kabisa kuja na simu hakuna sheria iliyovunjwa. Kila kadi ina mchoro mweusi wa peke yake na pande zake nne zina herufi A, B, C, D kwa maandishi madogo. Mtoto anaizungusha kadi mpaka herufi anayoitaka inakaa juu, wewe unapitisha kamera ya simu polepole na app inasoma kadi zote zinazoonekana. Uzuri wake ni kwamba michoro inatofautiana, mtoto wa nyuma akichungulia kadi ya mbele hawezi kujua kachagua nini. Kuigiliziana kunakufa hapo hapo.

Hatua ya 3: Andaa Plickers

Fungua akaunti kwenye tovuti yao, ya bure ina mipaka yake lakini kwa maswali mawili ya kipindi inatosha. Tengeneza darasa, mfano "2B". Majina kamili ya watoto usiyaweke, sio lazima, weka namba tu, kadi 1 kadi 2, na orodha ya nani ana namba gani ibaki kwenye daftari lako.

Pakua faili la kadi. Seti ya kawaida ina kadi 40 na kubwa ina 63, chapisha kwenye karatasi za kawaida za A4 pale steshenari. Alafu sikiliza hili kwasababu wengi wanaharibu hapa: usizifunike na laminesheni ya kung'aa. Jua likiingia dirishani plastiki inarudisha mwanga na kamera haisomi kitu. Zibandike kwenye boksi gumu kwa gundi, zitakaa. Na wafundishe kushika kwenye kingo, kidole kikigusa ule mchoro mweusi kadi haisomeki.

Kwa darasa la 80 sihitaji kadi 80. Tumia 40, kadi moja kwa watu wawili, wa kushoto anashika kwa swali la kwanza, wa kulia kwa swali la pili, na yule ambaye hajashika anaandika herufi yake pembeni ya daftari kwa peni. Peni, sio penseli, maana ya penseli itafutwa. Kura 40 zinakupa picha nzuri tu ya darasa zima.

Maswali yaingize jioni ukiwa na bando na mtandao mzuri, fungua na darasa lako kwenye simu kabla hujaingia kipindi. Simu iwe na chaji. Kadi mpe monita azigawe kabla hujafika na azikusanye kwa namba, ukigawa mwenyewe kipindi kinaisha.

Hatua ya 4: Kipindi chenyewe

Fundisha kama kawaida dakika 10 hivi, wazo moja tu. Kisha swali ubaoni, ukilisoma kwa sauti mara mbili.

Sasa nyamaza. Mwanasayansi wa elimu Mary Budd Rowe alipima madarasa mengi miaka ya 1970 akakuta mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde moja tu ndio anaingilia, na pale waliposubiri sekunde tatu au zaidi watoto walijibu kwa urefu zaidi na hata wale wakimya wakaanza kuongea. Kwa swali la kupiga kura mimi natoa dakika nzima, hakuna kunong'ona, kila mtu na kichwa chake. Ni dakika ndefu, utatamani kusema kitu. Usiseme.

Kadi juu. Simama mahali unapoona darasa zima, pitisha simu taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, namba za waliosomwa zinatokea kwenye simu, ambaye hajasomwa mtaje kwa namba ya kadi anyanyue vizuri.

Angalia grafu lakini usionyeshe na usitaje jibu. Uso wako pia usitaje, watoto wanasoma uso wa mwalimu kuliko kitabu. Ukikuta waliopata hawafiki asilimia 30, wazo halijaingia, kuwaambia wajadiliane ni kupoteza muda, rudi fundisha kwa njia nyingine. Ukikuta wamezidi 70, eleza kwa kifupi endelea. Katikati hapo, kati ya 30 na 70, ndipo penye utamu.

Waambie, "Tafuta jirani mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi." Dakika tatu. Darasa litapiga kelele, ni kelele nzuri, lakini mwalimu wa darasa la jirani mwambie mapema ili asije kufikiri umetoka. Zunguka, sogea karibu, sikiliza, usisahihishe. Kwenye hili swali la balbu utasikia mmoja anasema "kama ya kwanza inakula, mbona betri likigeuzwa..." na mwenzake ananyamaza anafikiria. Hicho kimya cha yule mwenzake ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Kura ya pili, swali lile lile, mtu yule yule anashika kadi. Mara nyingi C inapanda yenyewe bila mwalimu kutamka neno. Chukua watu wawili waeleze kwa darasa, mmoja aliyebadilisha jibu na mmoja ambaye hajabadilisha, na huyu wa pili mheshimu kabisa, muulize "nini bado hakijakushawishi?" maana hoja yake wapo wengine wanayo na wamenyamaza.

Hatua ya 5: Acha wajadili kwa Kiswahili

Hili nalisemea shule za sekondari za Tanzania ambako kitabu na mtihani ni Kiingereza. Ukiwalazimisha wabishane kwa Kiingereza darasa linakufa, kuna watoto wanajua kabisa jambo lakini sentensi haitoki, na anayeongea anakuwa yule aliyesoma msingi wa Kiingereza, sio aliyeelewa. Dakika tatu za jirani waachie Kiswahili, hata lugha ya nyumbani kama wamekaa wanaoelewana. Baada ya kura ya pili ndio mnatunga pamoja sentensi mbili za Kiingereza ubaoni, wanaandika, wanazisoma. Kwenye mtihani ataenda na sentensi ya Kiingereza ambayo anajua inasema nini.

Nalisisitiza kwasababu walimu wengi wazuri wanaogopa hapa, wanaona kama wanavunja utaratibu. Mtoto anayekaa kimya miaka minne kwa kuogopa kuchekwa lafudhi hajifunzi Kiingereza wala Fizikia.

Hatua ya 6: Mwisho amueni kwa jaribio

Kura sio ukweli, hata darasa zima likisema A bado sio A. Waonyeshe.

Kwa balbu unahitaji betri kubwa tatu za tochi, waya, na balbu mbili zinazofanana za tochi za zamani, zile zenye uzi mwembamba ndani, sio LED, LED inataka upande sahihi na itakuchanganyia somo. Ukitumia betri moja tu mwanga utakuwa hafifu wa nyuma hawaoni. Ziwashe, zote zinawaka. Inaweza kutokea moja ikazidi kidogo, na hapo kundi A watashangilia, usihofu, badilishana nafasi ya balbu mbele yao. Ile iliyozidi itazidi hata ikihamia upande wa pili, yaani tofauti ni ya balbu yenyewe na sio ya nafasi. Hicho kipande kidogo kinafundisha sayansi kuliko kurasa tatu za notisi.

Kama vifaa hakuna kabisa, au unataka waone kisichoonekana kwa macho, tumia PhET. Ni mazoezi ya kuigiza majaribio, bure, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya Fizikia, kwenye chuo kikuu cha Colorado Boulder, na mengi unaweza kuyapakua yakafunguka kwenye laptopu bila intaneti. Tafuta lile la kuunga saketi za umeme, unganisha balbu zako mbili, wataona chaji zinatembea kwa mwendo ule ule kabla na baada ya kila balbu, hakuna iliyoliwa. Kama kuna projekta ya kuazima tumia ukuta mweupe au shuka, madirishani tundika khanga, mwanga wa mchana unaua picha. Hakuna projekta? Usiwakusanye 80 kwenye laptopu moja, watasukumana na wa nyuma wataona visogo tu. Waite kikundi kimoja kimoja wakati wengine wanafanya zoezi.

Shule yenye chumba cha kompyuta hata tano sita, angalieni Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality. Inawekwa kwenye kompyuta moja, maudhui yanapakuliwa mara moja mahali penye mtandao, PhET pia zimo, baadae vifaa vingine vinaunganika nayo kwa Wi-Fi ya ndani ya shule bila bando. Hiyo ni kazi ya kufanya na mwalimu wa kompyuta na mkuu wa shule akiwa na habari, sio ya mtu mmoja.

Hatua ya 7: Baada ya kipindi

Jioni fungua ripoti. Usiangalie nani kapata, angalia waliokosa wamekosa kwa njia gani, wote wakiwa A ni wazo moja unalishughulikia kesho, wakitawanyika A, B na D ujue wanabahatisha. Alama za hizi kura usizitie kwenye ripoti ya mtoto hata siku moja. Siku wakijua kura inaleta maksi, wataanza kutafuta jibu la yule anayeongoza darasani na ukweli wa vichwa vyao hautauona tena. Na fimbo isikaribie kabisa jibu lililokosewa, hapo ndio utakuwa umeifunga hii njia moja kwa moja.

Baada ya wiki mbili rudisha swali lile lile limegeuzwa kidogo, mfano balbu tatu, dakika tano za mwanzo wa kipindi. Utawaona waliorudi kwenye A. Ni kawaida, wazo la zamani ni bishi, kadiri mtoto anavyolikumbuka lile jipya mwenyewe ndio linavyokaa.

Maswali mnayoulizana mara nyingi: silabasi itaisha lini kwa mwendo huu? Njia hii inakula kama dakika 12 kwa swali. Rudisha hizo dakika kwenye kunakili notisi, toa kopi moja kwa kila dawati au wanakili jioni. Wasichana hawaongei? Ukiona kwenye shule yako wavulana wanabeba mjadala, panga mabishano ya wawili wawili kabla ya darasa zima, na ukimwita mtu aeleze mwite kwa namba ya kadi sio kwa kunyoosha mkono. Simu imezima katikati? Vidole kifuani, endelea.

Na kwa wenzangu wa masomo mengine, haya ni ya kuanzia.

Hisabati: ipi kubwa, 0.5 au 0.35? Wapo watakaosema 0.35 kwasababu 35 ni kubwa kuliko 5, na hao wanaweza kuwa kidato cha kwanza kabisa.

Biolojia: mbegu ya mwembe ni ndogo, mti ni mzito sana, huo uzito wa mbao umetoka wapi hasa? Udongo, maji, hewa, au mbolea. Wengi watasema udongo. Sehemu kubwa ya ule uzito mkavu wa mbao, yaani ukiondoa maji, inatokana na kaboni dioksidi ya hewani, waache wabishane kwanza kabla hujataja usanisinuru.

Jiografia: kwanini kuna majira ya joto na baridi? Weka chaguo la dunia kuwa karibu zaidi na jua. Hili kwa watoto wetu ni tamu kwasababu dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari na Dar Januari ni joto kweli kweli, kwahiyo wana ushahidi mkononi. Waache washinde kwa dakika tatu, alafu waulize mwezi huo huo wa Januari Ulaya kuna nini.